Seyyid Barghash na Dhoruba ya Mwaka 1872



Mwezi wa Aprili 2024, wiki ile ya mafuriko yaliyowachukua wanafunzi wa skuli kule Al Mudhaibi, tulikutana barazani kwa jamaa yetu mmoja hapa Al Khuwair, kama ilivyo kawaida yetu. Kahawa ilikuwepo na halua ilikuwepo, lakini hakuna aliyekuwa na hamu nayo. Mmoja wetu alisema haya ni majaaliwa na binadamu hana la kufanya. Mwengine akasema wenye makosa ni mataifa makubwa yenye viwanda, na kwamba Oman ni tone tu katika bahari. Kijana wa mwenye nyumba, anayesoma chuo kikuu, alitusikiliza wote, khalafu akanigeukia mimi. Anajua kwamba nimekula mshahara wa mafuta kwa miaka 28. Akaniuliza kwa adabu kabisa mimi mjomba wake naonaje. Nikampa jibu la juu juu, nikaaga, nikaenda zangu.

Usiku ule usingizi haukuja. Nikawa namfikiria mtu mmoja ambaye wazee wetu wakimtaja sana tulipokuwa wadogo Unguja: Seyyid Barghash bin Said. Sisi tukimjua kwa Beit al Ajaib na kwa maji ya mfereji. Lakini kabla ya yote hayo kulikuwa na dhoruba, na alivyoipokea dhoruba ile ndiko kulikonifanya niandike leo. Nitakuhadithieni maisha yake kwa upande huo, khalafu nitarudi kwenye suali la yule kijana.

Mtoto wa nchi mbili

Seyyid Barghash alizaliwa Unguja, kiasi cha mwaka 1837. Baba yake ni Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Semail hapa Oman, akatawala Maskati na Zanzibar kwa pamoja. Mama yake alikuwa Mhabeshi. Alikulia katika majumba ya Mtoni na mjini, katika ukoo mkubwa wenye ndugu wengi, na tokea ujana wake alijulikana kuwa mtu wa nafsi kali, asiyependa kuamrishwa.

Mwaka 1856 alikuwa pamoja na baba yake katika safari ya kutoka Maskati kurudi Zanzibar. Seyyid Said akafariki njiani, katika mwezi wa Oktoba, merikebu ikiwa karibu na visiwa vya Shelisheli. Barghash, kijana wa miaka kama 19, ndiye aliyefika Unguja na maiti ya baba yake. Tokea siku ile alitaka utawala, na haukuwa wake. Zanzibar ikashikwa na kaka yake, Seyyid Majid, na Maskati ikashikwa na kaka yake mwengine, Seyyid Thuwaini.

Mwaka 1859 akajaribu kuuchukua kwa nguvu. Ndugu zake wa kike, Bibi Khole na Bibi Salme, walimsaidia kutoroka nyumba yake mjini iliyokuwa imezungukwa na askari, akaenda kujizatiti katika shamba liitwalo Marseille. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akashindwa. Akapelekwa Bombay, akakaa huko kiasi cha miaka miwili. Uhamisho ule ulimfunza mengi. Aliuona mji mkubwa wa bandari, wenye meli za moshi na mitambo ya kuchapa vitabu, na akaona jinsi serikali ya Kiingereza inavyofanya mambo yake. Wakati yeye yuko mbali, mwaka 1861, Zanzibar na Oman zikatenganishwa rasmi kwa hukumu iliyotolewa na Lord Canning, gavana mkuu wa India. Ndugu wakawa wa nchi mbili.

Alirudi, akanyamaza, akangoja. Seyyid Majid alifariki Oktoba 1870, na Barghash akakaa katika kiti cha baba yake akiwa na umri wa miaka 33 hivi. Alikuta mji uliokuwa ndio kwanza unatoka katika kipindupindu cha 1869 na 1870, kilichoua maelfu ya watu. Alikuta pia hazina dhaifu na Waingereza mlangoni, wanadai biashara ya watumwa isimamishwe.

Jumatatu ya tarehe 15 Aprili 1872

Waswahili wa pwani wanazijua pepo zao. Kaskazi inaleta majahazi kutoka Arabuni na India, kusi inayarudisha. Vimbunga ni habari za Mauritius na Madagascar, au za upande wetu huku wa Bahari ya Arabu. Unguja iko nyuzi sita tu kusini mwa mstari wa ikweta, na karibu na mstari ule kimbunga ni kitu cha nadra mno. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa tayari.

Dhoruba iliingia tarehe 15 Aprili 1872. Bandarini ilivunja majahazi na merikebu, zikiwemo merikebu za Seyyid mwenyewe, hata dola iliyosimama kwa nguvu ya bahari ikaamka asubuhi haina chombo. Mjini nyumba ziling'oka mapaa. Lakini msiba mkubwa ulikuwa mashambani. Mikarafuu na minazi ya Unguja ililala chini. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba thuluthi mbili ya miti ile iliangamia.

Wasomaji ambao hawakuona shamba la karafuu wafahamu uzito wa jambo hili. Mkarafuu haupandwi leo ukavunwa mwakani. Miche inataka kivuli na maji na mkono wa kuitunza, na unangoja miaka sita au saba, pengine zaidi, mpaka uone vikonyo vya kuchuma. Miti iliyoanguka siku ile ilikuwa ya wakati wa Seyyid Said. Wenye mashamba waliokuwa wamekopa kwa kutegemea mavuno walibaki na madeni, na mti hawana.

Kisiwa cha Pemba kilinusurika. Mikarafuu yake ilibaki imesimama, na kwa kuwa karafuu zimekuwa chache duniani bei ikapanda. Tokea hapo Pemba ikawa ndiyo kisiwa cha karafuu, na mpaka leo sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar inatoka huko. Ukimsikia Mpemba wa hapa Maskati anajisifia karafuu za kwao, ujue kwamba fahari ile ilianzia katika upepo uliowapita pembeni.

Majibu mawili kwa msiba mmoja

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Seyyid Barghash aliijibu dhoruba ile kwa njia mbili, na wazee wetu walipenda kutuhadithia moja tu.

Jibu la kwanza lilikuwa la kukataa. Mwezi wa Januari 1873 alifika Zanzibar Sir Bartle Frere, ametumwa na serikali ya Uingereza, na mkataba mkononi: biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ikome na soko lifungwe. Seyyid Barghash alimwambia haiwezekani. Hoja yake kubwa ilikuwa ni dhoruba. Nchi imeshafilisika, mashamba yameanguka, na wenye mashamba wakinyimwa na watumwa ndiyo itakuwa mwisho wao. Frere akaondoka mikono mitupu. Ikabidi Balozi John Kirk amtishe kwamba manuwari zitaizunguka Zanzibar na kufunga bahari yake, ndipo alipotia saini tarehe 5 Juni 1873. Soko la Mkunazini likafungwa.

Wengi wetu hapa Ghuba hatupendi kulizungumza jambo hili, na tukilizungumza tunakimbilia kusema kwamba Waingereza walikuwa na maslahi yao. Ni kweli walikuwa nayo. Lakini haki haigeuki batili kwa kuwa aliyeisema ana maslahi. Biashara ile ilikuwa dhulma, na msiba wa wenye mashamba ulitumiwa kuwa udhuru wa kuiendeleza. Tena, kwa vile karafuu zilikuwa na bei na Unguja na Pemba zilikuwa zinapanda upya, haja ya mikono ya watumwa ilizidi baada ya dhoruba, na wengi waliendelea kuvushwa kwa siri mpaka Pemba. Mikarafuu mipya iliyoturithisha utajiri ilipandwa na watu ambao hawakulipwa. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Zanzibar mpaka mwaka 1897, miaka tisa baada ya Barghash kufa.

Na je, nchi ilikufa kama ilivyohofiwa? Haikufa. Mapato ya forodha yaliongezeka katika miaka iliyofuata. Pembe za ndovu, karafuu na mpira vilipita bandarini kwa wingi. Mfereji wa Suez ulikuwa umefunguliwa 1869, na kampuni ya meli za moshi ya British India ikaanza kuleta meli zake Zanzibar mwishoni mwa 1872. Kitu kilichosemwa kwamba nchi haiwezi kuishi bila yake kiliondoka, na nchi ikaishi.

Jibu la pili lilikuwa la kujenga, na hili ndilo tulilolisikia utotoni. Mwaka 1875 alisafiri mpaka London na Paris, akapita na Misri. Aliyoyaona hakuyaacha huko. Alitaka mtambo wa kuchapa, akaupata, na vitabu vikubwa vya fikihi ya Kiibadhi vikachapwa Zanzibar na kuja kusomwa huku Oman. Badala ya merikebu zilizovunjika akanunua meli za moshi. Meli iitwayo Glasgow ilitengenezwa kwa ajili yake Scotland, ikafika Zanzibar 1878. Mwaka 1883 likasimama jumba la Beit al Ajaib, lililozidi majumba yote ya pwani yetu kwa urefu.

Lakini kitu nikipendacho mimi kuliko vyote ni maji. Mji uliokuwa ukinywa maji ya visima vichafu, mji uliozika maelfu kwa kipindupindu, aliuletea maji ya chemchemi kutoka upande wa Bububu kwa mfereji na mabomba, na watu wakayateka bure. Mtoto wa Oman anajua thamani ya kazi hiyo, kwa sababu falaji ndizo zilizotulea. Beit al Ajaib ilijengwa ionekane. Bomba la maji lipo chini ya ardhi, hakuna anayelitazama, lakini watoto waliokunywa maji yale bila ya kufa ndio babu zetu.

Hewa ambayo hakuijua

Dhoruba ya 1872 haikuletwa na hewa ukaa. Wakati ule katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu za hewa ukaa zilikuwa kasoro kidogo ya 290. Kabla ya viwanda zilikuwa 280 hivi. Leo zimeshapita 420. Kwa hiyo Seyyid Barghash alipigwa na kitu ambacho hakukitafuta na hakuweza kukijua kabla.

Lakini nilipokaa kuzisoma tarehe nilishangaa. Mwaka ule ule wa 1856 aliofariki Seyyid Said baharini, bibi mmoja wa Marekani, Eunice Foote, alijaza hewa za aina mbali mbali katika machupa, akayaweka juani, akaona kwamba chupa yenye hewa ukaa inapata moto zaidi na inachelewa kupoa. Mwaka ule ule wa 1859 aliopigana Barghash na kaka yake, mtaalamu John Tyndall, mjini London, alionyesha kwa vyombo vyake kwamba hewa ukaa na mvuke wa maji huzuia joto lisitoke. Barghash alipofika London 1875, Tyndall alikuwa bado anasomesha mji huo huo. Na mwaka 1896, wakati manuwari za Kiingereza zilipolipiga jumba la mfalme Zanzibar na kuizamisha ile meli Glasgow mbele ya mtoto wake, Seyyid Khalid bin Barghash, mtaalamu wa Sweden aitwaye Svante Arrhenius alichapisha hesabu ya kiasi gani dunia itapata joto ikiwa hewa ukaa itazidi.

Maana yake ni kwamba elimu hii si ya jana. Ina umri wa miti ya karafuu ya babu zetu. Glasgow ilikwenda kwa makaa ya mawe, na moshi wake, pamoja na moshi wa meli zote za zama zile, uliingia katika hewa hii hii. Hewa ukaa haiondoki upesi. Sehemu yake inabaki angani kwa mamia ya miaka. Seyyid Barghash aliongeza fundo lake bila ya kujua. Sisi tunaongeza yetu, na tunajua.

Na bahari inapopata joto, kimbunga kinapata chakula. Hewa ikiongezeka joto kwa digrii moja inabeba mvuke kiasi cha asilimia 7 zaidi, na mvuke ule unashuka mvua kwa mara moja. Kwa hiyo hata pale ambapo idadi ya vimbunga haizidi, mvua zake na nguvu zake zinazidi.

Safari ya mwisho, Oman

Miaka ya mwisho ya Seyyid Barghash ilikuwa ya huzuni. Kuanzia 1884 Wajerumani, wakiongozwa na Carl Peters, walikwenda bara wakisainisha machifu mikataba. Mwaka 1885 manuwari za Kijerumani zilisimama mbele ya jumba lake na mizinga. Mwaka uliofuata Waingereza na Wajerumani walikaa wenyewe, wakaamua kwamba bara yake ni maili kumi tu kutoka ufukweni. Mtu aliyeshinda dhoruba alipokonywa nchi kwa kalamu.

Maradhi yalikuwa yameshamshika. Mwanzoni mwa 1888 alipanda meli akaja Oman, nchi ya baba yake, kutafuta afya katika hewa na chemchemi za huku. Maskati ilikuwa mkononi mwa ndugu yake, Seyyid Turki bin Said. Sisi wa mji huu tunazijua chemchemi za maji moto za upande wa Baushar, na kila nikipita na gari pale, ambapo sasa pamezungukwa na barabara na maduka makubwa, namfikiria mgonjwa yule wa miaka 51 aliyevuka bahari akitafuta maji. Mtu aliyewaletea maji watu wa Unguja alikuja kuyatafuta kwetu. Hayakumfaa. Alirudi Zanzibar mwishoni mwa Machi 1888, na hakumaliza siku tokea kufika, akafariki. Seyyid Turki akamfuata mwezi wa Juni mwaka ule ule. Mwenyezi Mungu awarehemu wote.

Miaka miwili baadaye, Juni 1890, kimbunga kikaja upande wetu huku. Kiliipiga Maskati na pwani ya Batina, kikaua mamia ya watu. Khalafu ufukwe wa Batina ukakaa miaka 131 bila ya kimbunga kuingia nchi kavu pale, hata watu wakasahau kama jambo hilo lipo. Tarehe 3 Oktoba 2021 kikaingia Shaheen, baina ya Al Musannah na Suwaiq. Al Khaburah ilipata zaidi ya milimita 300 za mvua kwa muda wa siku moja hivi, na Maskati kwa mwaka mzima hupata kiasi cha 100 tu.

Sisi tunajibu vipi?

Mimi Gonu ilinikuta Qurum, Juni 2007. Kilikuwa kimbunga chenye nguvu kuliko vyote vilivyopata kuandikwa katika Bahari ya Arabu. Watu wapatao 50 walikufa Oman. Nakumbuka asubuhi ya pili, magari yamepandiana kama samaki sokoni, tope mpaka kiunoni, na sisi tumepanga foleni na ndoo kungojea gari la maji. Katika mji wa mafuriko, maji ya kunywa hakuna! Mama yangu, marhum, alikuwa amekaa juu ya kitanda na mafuta ya taa mkononi. Akaniambia kwamba bibi yake alikuwa akimhadithia upepo ulioilaza mikarafuu yote, na kwamba watu wazima walikuwa wakilia mashambani. Nilimsikiliza, lakini sikumfahamu.

Baada ya Gonu nchi ilijibu, na tusikatae mema. Mabwawa ya kuzuia mafuriko yamejengwa, mabonde yametengenezewa njia, kituo cha taifa cha kutoa tahadhari mapema kipo, na Shaheen ilipokuja watu walihamishwa kabla. Hili ni kama lile bomba la Bububu. Ni jibu la kujenga, nalo huokoa roho.

Lakini jibu la kukataa nalo tunalo, na ndilo tulilolitoa pale barazani. Tukisema sisi ni tone tu, tukisema nchi hii inaishi kwa mafuta na hayawezi kuguswa, tunazungumza kama Seyyid Barghash mbele ya Frere. Sisemi kuchimba mafuta ni sawa na kuuza watu. Haziwi sawa hata kidogo, na mimi nimechimba kwa halali yangu. Ninalolifananisha ni udhuru. Ni ule wa kusema kwamba tumeumia mno hata hatuwezi kubadilika, na kwamba tukibadilika tutakufa. Yeye alibadilishwa kwa manuwari, si kwa hiari yake, na ndiyo maana historia haikumpa sifa ya jambo ambalo angeweza kulifanya mwenyewe.

Oman, kwa hiari yake, imetangaza mwaka 2022 kwamba ifikapo 2050 hewa ukaa inayotoa isizidi inayoondoa. Ibri kumeshajengwa kiwanda cha umeme wa jua cha megawati 500. Duqm na Dhofar zinatayarishwa kwa haidrojeni itakayotengenezwa kwa jua na upepo. Ni mwanzo, na njia ni ndefu, kwa sababu bajeti ya nchi bado inategemea mafuta na gesi kwa sehemu kubwa. Lakini ni mwanzo wa kuondoka kabla ya kufukuzwa.

Na kule kwetu tulikotoka? Mei 2024, wiki chache tu baada ya mafuriko yetu, kimbunga Hidaya kiliisogelea pwani ya Tanzania karibu na Mafia, boti za Unguja na Dar es Salaam zikasimamishwa, na jamaa zetu wakawa wanatupigia simu usiku kutuuliza sisi wenye uzoefu wafanye nini. Pemba maji ya chumvi yanaingia katika mashamba ya mpunga. Mama wanaolima mwani pwani ya Unguja wanaona mazao yao yakioza kwa joto la maji. Hawa hawana mafuta, hawana mabwawa, na moshi wao ni mdogo kuliko wa familia moja ya hapa yenye gari nne na viyoyozi vya kila chumba. Tunawapelekea pesa za Idi na za msiba. Tumewahi kufikiria kuwapelekea tangi la maji ya mvua, au kuchangia mikoko ya kuzuia bahari?

Kuhusu majaaliwa, mimi ni Muislamu na naamini kadari. Lakini dini yetu imetufunza kumfunga ngamia kwanza. Dhoruba ya 1872 ilikuwa kadari tupu, hapakuwa na kamba ya kufungia. Leo kamba tunayo mkononi, na suali ni kama tutaifunga.

Ijumaa iliyofuata nilirudi barazani. Nikamwita yule kijana, nikamwambia mbele ya wenzangu kwamba jibu langu la juu juu silitaki tena. Nikamwambia kwamba mshahara wa mafuta umenisomeshea watoto wanne na ninaushukuru, na kwamba kwa sababu hiyo hiyo mimi ndiye wa kwanza ninayepaswa kusema kwamba zama zake zina mwisho, na kwamba ni bora tuumalize sisi kuliko kumaliziwa. Yeye anasomea uhandisi, na kampuni ileile niliyostaafu imempa nafasi ya kazi. Hajaamua bado. Tulikaa mpaka alasiri, mimi, yeye na baba yake, tukipiga hesabu ya paneli za jua ngapi zinatosha kwa paa la nyumba ile.